Jiko Limechakaa: Tulitengeneze au Tununue Jingine?

Huku Nyanda za Juu Kusini baridi huanza kuuma mwezi Juni na hutuachia mwezi Agosti. Ni miezi ambayo jiko halipoi. Asubuhi uji, mchana ugali, jioni maji ya kuoga, na baada ya hapo watoto hulizunguka kuota moto mpaka wanasinzia. Ni miezi hiyo pia ambapo jiko lililonunuliwa miaka kadhaa iliyopita huonyesha uzee wake: chungu cha ndani kimepasuka, kimlango cha hewa kimedondoka, mguu mmoja umeliwa na kutu. Baba anasema litafungwa waya. Mama anasema linunuliwe jingine. Nani yuko sahihi?

Huenda mtu akashangaa muuguzi anaingiaje katika kazi za mafundi bati. Naingia kwa sababu mwisho wa jiko bovu mara nyingi huwa wodini kwetu: mtoto aliyemwagikiwa uji, kichanga anayehema kwa shida, na katika msimu wa baridi familia iliyolala na jiko ndani ikaamka haijiwezi. Nyumbani swali la kutengeneza au kununua hujibiwa kwa kutazama mfuko peke yake. Naomba tuanze na maswali matatu mengine. Je, jiko hili laweza kuanguka na kumwagia mtu moto? Je, latoa moshi na hewa mbaya kuliko lilipokuwa jipya? Na je, linawashwa mahali gani? Hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo nitalieleza kwa kirefu mbele.

TULIJUE JIKO LENYEWE

Majiko ninayoyasema ni yale yanayotoka karakana yakiwa yamekamilika, si mafiga matatu. La kwanza ni jiko la mkaa lenye ganda la bati kwa nje na chungu cha udongo wa kuchomwa kwa ndani, lile lenye kiuno chembamba katikati. Lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mafundi kujifunza kutoka katika jiko la ndoo la Thailand, kisha likavuka mipaka likatufikia. Kati ya bati na chungu fundi hujaza saruji iliyochanganywa na madini mepesi yanayozuia joto. Kwa hiyo joto halipotei ubavuni, na mkaa unaotumika ni mdogo kuliko ule wa jiko la bati tupu.

La pili ni jiko la kuni la chuma lenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi juu ya paa. Haya twayaona katika konventi, shule, nyumba za mapadre na kwa familia chache. Nyumba nyingine za zamani katika sehemu za baridi zina mahali pa moto ukutani sebuleni. Hizo nazo ziko chini ya kanuni ile ile ya dohani.

Uzuri wa jiko la karakana ni kwamba lina sehemu sehemu, na kila sehemu huzeeka kwa wakati wake. Chungu hufa kabla ya ganda. Fundi mzuri aweza kutoa chungu kilichokufa, kusafisha ganda, kuweka chungu kipya na kujaza upya. Kwa hiyo si kila jiko lililochakaa ni la kutupwa, na mama asiyetaka kusikia habari ya fundi hupoteza fedha bure.

KINACHOTENGENEZEKA

Nyufa nyembamba kama unywele katika chungu zisikutishe. Udongo unaopata moto na kupoa kila siku lazima upasuke kidogo, na jiko laendelea kufanya kazi. Angalia tu kama vipande vimeshikana. Bonyeza kwa kidole jiko likiwa baridi: kama hakuna kinachocheza, liache. Ufa unaoingiza ukucha waweza kuzibwa kwa udongo wa kufinyangia uliochanganywa na majivu yaliyochekechwa, ukaachwa ukauke kivulini siku kadhaa kabla ya kuwashwa. Usipake saruji tupu ndani panapokaa moto. Saruji ya kawaida haistahimili joto la namna hiyo; hulegea na kumomonyoka, na wakati mwingine hurusha vipande.

Kimlango cha hewa kilichodondoka hutengenezwa kwa gharama ndogo, na wala kisidharauliwe. Ndicho kinachokuwezesha kuongeza moto wakati wa kuchemsha na kuupunguza wakati wa maharage. Vyuma vitatu vinavyobeba sufuria navyo hubadilishwa. Chungu ambacho matundu yake yameungana, makaa yakawa yanadondoka chini, hakitengenezeki chenyewe, lakini waweza kuweka chungu kipya katika ganda lile lile.

Hapo kuna sharti moja: ganda liwe zima. Lipindue jiko mchana kweupe, kung'uta majivu, kisha bonyeza kitako na kingo kwa msumari. Bati zima hukataa. Bati lililooza huingia msumari kama karatasi iliyolowa. Ganda la namna hiyo halina cha kushikilia chungu kipya, na kiraka utakachopiga leo kitang'oka pamoja na kutu yake. Hilo jiko limekwisha.

JARIBIO LA UGALI

Wataalamu wana vipimo vyao, nami ninacho cha jikoni. Chukua sufuria yako kubwa ya ugali, tia maji baridi nusu, iweke juu ya jiko lisilo na moto, kisha shika mwiko usonge kama kwamba ugali umekaza. Kusonga ugali ni kazi ya nguvu. Kunalisukuma jiko huku na huku kuliko pishi lolote. Kama linayumba, kama mguu unakunjika, kama sufuria inateleza juu ya vyuma vyake, basi umeona mwenyewe ajali itakavyotokea, ila safari hii ni maji baridi.

Mguu uliolegea wakati ganda ni zima utengenezwe kwa kuchomelewa, si kufungwa waya. Waya hupata joto, hulegea, na siku ukikatika ni siku sufuria imejaa. Na jiwe la kuegemeza chini ya mguu mfupi si matengenezo. Samahani kwa kina baba, lakini majiko yenye mawe ninayaona kila ninapotembelea kaya.

Kwa kuwa tumegusa ajali, niseme neno la huduma ya kwanza. Mtu akiungua, mwagia sehemu ile maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, tumia jagi na uendelee kumwagia. Mtoto mdogo mkinge sehemu nyingine za mwili zisipate baridi. Vua pete na bangili mapema kabla ya uvimbe. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kula, yai wala majivu. Vitu hivyo hushika joto na uchafu, na wodini tunalazimika kuvisugua mgonjwa akilia. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisha njoo hospitali, hasa kama pameungua uso, mikono, viungo au sehemu za siri, au kama kidonda kimezidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe.

JIKO LENYE DOHANI

Hapa mambo ni tofauti kidogo, maana dohani huoza kutoka ndani, mahali usipopaona. Moshi wa kuni mbichi hubeba unyevu na utomvu. Unapopanda na kupoa, hugandamana ndani ya bomba kama lami nyeusi. Lami hii ina madhara mawili. Huziba njia, moshi ukarudi chumbani. Tena yaweza kushika moto yenyewe, bomba likawaka jekundu karibu na mbao za dari. Bomba linalopita katika paa la nyasi au dari ya mbao bila nafasi na kinga ya chuma linaomba balaa.

Jaribu hivi. Washa jiko, likishakolea chukua kijiti kinachofuka moshi ukisogeze karibu na mlango wa jiko. Moshi ukivutwa kuingia ndani, dohani inapumua. Ukikurudia usoni, pana kizuizi: masizi, kiota cha ndege, au kofia ya juu iliyobomoka. Hilo ni la kusafisha, si la kununua jiko. Lakini gonga bomba zima toka chini hadi juu likiwa limepoa. Mahali panapotoa sauti ya kufa, au panapoacha unga wa kutu mkononi, pamekwisha. Kipande kimoja kilichooza hubadilishwa. Vikizidi kimoja, badili bomba lote, kwa sababu vyote vina umri mmoja.

Sanduku la moto lenyewe lililotoboka, au lililopinda kwa joto hata mlango haufungi, usilipige kiraka. Matofali ya ndani yaliyopasuka hubadilishwa, lakini chuma kilichopinda hakirudi.

Na tahadhari moja kwa majengo ya zamani. Kama bomba la dohani ni la kijivu, zito, linalofanana na yale mabati ya asbesto yaliyoezekwa miaka hiyo, msilikate kwa msumeno, msilitoboe, msilivunje kwa nyundo. Vumbi la asbesto likivutwa hukaa mapafuni, na ugonjwa wake hutokea baada ya miaka mingi, hata saratani. Mwiteni mtu mwenye ujuzi wa kuliondoa, na watoto wasicheze na vipande vyake.

HEWA ISIYO NA HARUFU

Sasa tufike penyewe. Mkaa ukiwaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kitaalamu kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi wa kuni angalau unakukohoza ukatoka nje. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi, ndio unaodanganya. Watu husema “umeshaiva, uingizeni ndani.” Kuiva huko hakuondoi sumu. Hata makaa yaliyofunikwa majivu ili yakeshe mpaka asubuhi yanaendelea kuitoa, usiku kucha.

Hewa hii ikivutwa huingia katika damu na kushikamana na chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Inashikamana nazo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Basi mtu anapumua vizuri kabisa, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu kulegea. Aliyelala haamki aone dalili hizo. Anapita moja kwa moja kutoka usingizini hadi kuzimia.

Wengi huja wakidhani ni malaria. Tutapima malaria, ndiyo. Lakini jiulizeni: je, wote waliolala chumba kile wameamka na kichwa kinauma siku moja? Je, homa hakuna? Je, aliyetoka nje alipata nafuu? Kama ndivyo, mwambieni muuguzi tangu mlangoni kwamba mlilala na jiko. Msione haya, maana tusipoambiwa twaweza kupotezwa na vifaa vyetu. Kile kidude tunachobana kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu iliyoshikwa na kaboni monoksaidi; chaweza kuonyesha namba nzuri huku mgonjwa yuko hatarini. Maneno yenu ndiyo kipimo chetu cha kwanza.

Tiba ni oksijeni kwa kinyago, kwa wingi. Katika hewa ya kawaida huchukua kama saa nne hadi tano kwa nusu ya sumu kutoka katika damu. Kwa oksijeni tupu, yapata saa moja hadi moja na nusu. Ndiyo maana tunawaambia msisubiri nyumbani. Maziwa hayaondoi sumu hii, na aliyezimia asinyweshwe kitu chochote, atapaliwa. Fungueni milango na madirisha, mtoeni nje haraka, na anayeokoa asikawie ndani naye akaanguka. Mama mjamzito aletwe hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu mtoto tumboni hudhurika zaidi kuliko mama. Wako pia wanaopona, kisha baada ya siku au majuma wakaanza kusahau mambo au kubadilika tabia. Nao warudi hospitali.

Basi, ndugu msomaji, sikiliza jambo ambalo mafundi hawatakuambia: jiko jipya la mkaa likiwekwa chumbani usiku huua sawasawa na lile la zamani. Hakuna chungu, bati wala matengenezo yanayofanya mkaa ufae kulala na watu. Jiko bovu hutoa sumu zaidi, hasa kimlango kikikwama au matundu yakiziba majivu, lakini jiko zima halina ruhusa ya kuingia.

Najua nagusa desturi. Mama aliyejifungua hupashwa joto, na bibi mwenye mapenzi mema huweka jiko karibu na kitanda cha mzazi. Nawaomba bibi zetu tusikilizane. Kichanga hupata joto bora akilazwa uchi kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, amevikwa kofia na soksi, wakafunikwa pamoja blanketi. Hivyo ndivyo tunavyowalea hata watoto njiti hospitalini. Wengine wapate maji ya moto ya kunawa miguu, soksi, na chakula cha moto kabla ya kulala. Jiko lote mliote jioni barazani au jikoni penye mlango wazi, kisha libaki nje.

JIKO JIPYA HALIMALIZI MOSHI

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo mtu aweza kusema, basi ninunue jiko la kisasa, kifua cha mtoto kitapona. Twende polepole. Majirani zetu wa Malawi, katika wilaya za Chikhwawa na Karonga, walishiriki utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2016. Watoto wadogo zaidi ya 10,000 waliangaliwa. Vijiji vingine vikapewa majiko bora yenye feni ndogo, vingine vikaendelea na moto wa kawaida. Homa ya mapafu haikupungua. Watafiti walieleza kwamba watoto hawa waliendelea kuvuta moshi wa mahali pengine: takataka zinazochomwa, tumbaku, na mioto mingine iliyowazunguka.

Sisemi haya ili mbaki na jiko bovu. Nasema ili fedha ya jiko isiwe ndiyo matumaini yote. Kabla ya kununua, jikoni kuna dirisha? Kuni zimekauka? Moto unawashwa kwa mifuko ya nailoni? Tabia hii ya kuwashia nailoni naichukia. Moshi wake ni sumu na mtoto mgongoni anauvuta wote. Washeni kwa vibanzi vikavu. Na jiko jipya la bati, hasa lililotengenezwa kwa pipa lenye rangi, liwashwe mara ya kwanza nje, mbali na watu, mpaka harufu ya rangi iishe. Muulize fundi pipa lilikuwa na nini. Kama lilibeba dawa za kuulia wadudu, acha.

Mtoto anayekohoa mhesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, usisubiri kesho.

FEDHA SASA

Ndipo tutazame mfuko. Kwa juma moja andikeni mkaa mnaotumia, kwa kopo au sado. Jirani mwenye jiko jipya na familia kama yenu naye aandike. Mkiona ninyi mnamaliza sado tatu yeye mbili, mnanunua jiko jipya kila mwezi bila kulipata. Kama ganda ni zima na ugonjwa ni chungu tu, badilisheni chungu. Kama fundi anataka zaidi ya nusu ya bei ya jiko jipya, au hii ni mara ya tatu mnamrudia kwa jiko lile lile, nunueni. Na wenye uwezo wa kufikiria gesi wafikirie. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hata mtungi mdogo wa uji wa asubuhi na chai humpunguzia mama moshi.

Jambo moja hupuuzwa, nalo ni jiko la zamani linakwenda wapi. Mara nyingi hupewa kijana anayekwenda kupanga chumba kimoja mjini, au mwanafunzi, au dada wa kazi aliweke chumbani kwake. Chumba kimoja, dirisha dogo lililozibwa kwa baridi, jiko la mkaa lililokataliwa kwingine. Msifanye hivyo. Toeni chungu mkivunje mkitupe shimoni, na bati mpeni mnunuzi wa vyuma chakavu. Kama bado kijana hana kitu cha kupikia, apewe lile zima, apikie nje, nanyi mngojee jipya.